Yusufu wa Chumba cha Kufulia

Hasira ya Mama Pasi haikuwa ya makelele. Ilikuwa ya kubana meno. Madobi wa hospitali walimjua vizuri: wakimwona anapiga pasi shuka lile lile mara ya pili bila kusema neno, kila mtu alijitafutia kazi upande wa pili wa chumba.

Siku ya semina alikuwa kimya tangu asubuhi.

Miaka ya nyuma, alipokuwa mgeni kazini, mablanketi yalipotea stoo. Mtunza stoo akamnyooshea kidole yeye, kwa sababu hakuwa na wa kumsemea. Hakuulizwa lolote. Alichukuliwa na polisi, aproni kiunoni ikiwa bado mbichi, akasota mahabusu mpaka mwanawe mchanga akaachishwa ziwa na shangazi yake. Baadaye mtunza stoo mwenyewe akanaswa akiyauza mablanketi yale yale. Mama Pasi akarudishwa kazini kimyakimya, kama mtu aliyetoka likizo. Hakuna aliyemwambia samahani. Alifua, akapiga pasi, akapanda cheo mpaka akawa msimamizi wa madobi wote.

Sasa mkurugenzi alikuwa ameleta mwalimu wa uongozi, bwana mmoja mwenye sauti tamu na viatu vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia. Mada yake ilikuwa Nabii Yusufu. Wauguzi, wapishi na madereva walijaa ukumbini.

"Kisima kilikuwa darasa lake!" alisema mwalimu. "Gereza lilikuwa chuo chake! Tena alikuwa na subira: alipoitwa atoke, alikataa mpaka kesi yake ichunguzwe kwanza."

Mkurugenzi akainuka, uso umemchanua. "Na sisi tunaye Yusufu wetu! Mama Pasi, hebu njoo mbele. Huyu mama alipata misukosuko kidogo hapa kwetu, lakini leo mnamwona alipo."

Makofi yakapigwa. Mama Pasi akaenda mbele, meno ameyabana. Misukosuko kidogo!

"Mwalimu," akasema, "wale ndugu zake waliomtupa kisimani, nao walikuwa walimu?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Sifanyi masihara. Kule mahabusu sikusomea uongozi. Nililala nimekaa, maziwa yananimwagikia kifuani na mtoto sina. Kuongoza nilifundishwa hapa hapa, na dobi mkuu aliyenitangulia, kwa upole wake. Msinisifie kisima."

"Basi, mama, tumekuelewa," mkurugenzi akawahi.

"Hujanielewa, bosi. Juzi umemsimamisha kazi binti wa zamu yangu eti mashuka yamepungua. Nani kamuuliza? Nimekuja ofisini kwako kumsemea, ukaniambia nisubiri. Mimi kusubiri nimechoka! Siondoki hapa mbele mpaka useme atasikilizwa lini."

Mwalimu akajifanya anapanga karatasi zake. Kisha dereva wa gari la wagonjwa akapaza sauti kutoka nyuma: "Asikilizwe!" Wapishi wakadakia, na wauguzi nao. Mkurugenzi akatazama huku na huku, akakosa pa kujificha.

"Kesho," akasema.

Kesho yake binti aliitwa, akaeleza. Mashuka yalikuwa wodi ya wazazi. Binti mwenyewe ndiye aliyeyapeleka, na hakuna aliyejisumbua kwenda kuuliza. Mkurugenzi akamwomba radhi mbele ya madobi wote, maneno yakimtoka kwa shida. Binti akalia. Wenzake wakamkumbatia.

"Mama, si umeshinda?" mmoja akamuuliza Mama Pasi, kwa kuwa uso wake ulikuwa bado umekunjamana.

"Nimeshinda nini? Mtoto wa watu kaitwa mwizi mtaa mzima, leo kapewa samahani ya mdomoni!"

Akavua aproni, akaitundika, akamfuata mkurugenzi kwenye korido. Madobi walimsikia kabla mlango wa ofisi haujafungwa.

"Tumemaliza la binti. Kaa chini, bosi. Sasa tuzungumze langu."