Mukimo wa Dirishani

Jikoni kwetu, pale Mwiki ya Ruiru, mtu mmoja akiingia pamejaa. Ukitaka kufungua kabati lazima kwanza usogeze mtungi wa gesi, na ukiinama kutafuta kitunguu kilichobiringika chini ya sinki, makalio yako yanagonga sufuria. Sisemi mzaha. Siku moja niliinama hivyo nikaangusha kifuniko cha wali bila kujua, wali ukaiva chini na juu ukabaki mbichi, nami nikamwambia binti yangu kwamba huo unaitwa wali wa ghorofa.

Alikuwa na miaka minne na aliniamini kwa kila kitu. Tulikuwa na mchezo wetu. Nikipika, nazungumza kama mtu aliye kwenye televisheni. Nageukia dirisha, lile linaloangalia koridoo, nasema, "Wapenzi watazamaji, leo tunawaletea ndengu," na mtazamaji wangu pekee, ameketi nje juu ya kreti ya soda, anapiga makofi kupitia vyuma vya grili. Wapangaji wakipita na ndoo zao wananiuliza kama kipindi kimeanza. Nawaambia wakae, kuna nafasi.

Mimi tangu zamani niliota kupika mbele ya watu. Shule niliachia njiani, lakini ndoto sikuiacha, nilikuja nayo hivyo hivyo. Badala ya kupika nikapata kazi ya kushona mikanda ya suruali katika kiwanda cha nguo, huku huku Ruiru. Mkanda, mkanda, mkanda. Suruali nzima hata siioni, inaishia kwa wengine. Natoka nyumbani jua halijatoka, jirani anabaki na mtoto, narudi jioni naingia moja kwa moja jikoni na koti langu. Kule nimesimama mahali pamoja, hapa nimesimama mahali pamoja. Kuna jioni nilikuwa nakatakata sukuma wiki na mguu wangu unakanyaga sakafu, unatafuta pedali ya cherehani.

Kwa hivyo chakula chetu kilikuwa cha ajali. Githeri ya mahindi na maharagwe ilikataa kuiva, nikaitia magadi, nikaona kidogo, nikaongeza, maharagwe yakageuka uji wenye ladha ya sabuni. Chapati nilizipanga moja juu ya nyingine zikiwa moto, nikazifunga kwa karatasi ya plastiki ili zisikauke, na asubuhi nikakuta ni chapati moja nene. Nikaikata kwa kisu. "Watazamaji," nikasema, "hii ni chapati ya kurasa." Mtoto alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Shida ni kwamba alikuwa na mtu wa kumsimulia.

Kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Na si jina tu. Ni kama yule mama amezaliwa tena. Mume wangu, mtu mzima anayeendesha lori la mawe ya kujengea, humwita huyo mtoto maitu, yaani mama yangu, na humwomba ruhusa ya kuketi. Mama mkwe naye, aliye kwake Thika, akimshika mtoto husema amejishika mwenyewe. Na mimi hunitania kwamba nilimzaa.

Basi jioni ile mtoto akampigia simu shosho yake, yaani huyo bibi wa Thika.

"Shosho, tulikula chapati ya kurasa."

"Ya nini?"

"Ya kurasa. Mama aliifungua na kisu."

"Mpe mama yako."

Nilipoichukua hakunisalimu. "Wewe kairitu, wewe msichana, unanizaa halafu unaninyima chakula?"

"Hapana, Mama, ni mzaha wa mtoto."

"Mimi sitanii. Jumapili nakuja. Nikijikuta nimekonda, najibeba, narudi na mimi mwenyewe Thika."

Nikacheka. Akacheka pia. Lakini nilipoweka simu chini nilikuta kicheko kimeniishia, kwa sababu hilo neno halikuwa jipya. Mume wangu alishalitaja kwa upole, akiwa anavua viatu: labda mtoto aende kwa shosho kwa muda, kule kuna maziwa, kuna mayai, kuna shule karibu, kuna mtu nyumbani mchana kutwa. "Ni mpaka tu mambo yakae sawa," akasema. Mambo yetu nayajua, hayana haraka ya kukaa sawa. Wao wawili walikuwa wamekubaliana. Nilikuwa nimebaki mimi tu, na mimi kwa mama mkwe sikuwa na mdomo. Kila akija nimeshika trei. Mtu unayemmiminia chai huwezi kumwambia hapana, chupa iko mkononi, unauliza tu kama sukari imetosha.

Jumapili hiyo sikuenda kanisani. Mume wangu aliitwa kupakia mawe, kwa hivyo tulikuwa wawili, mimi na mtoto. Niliamua kupika mukimo, wa viazi, minji zile njegere, mahindi na majani ya malenge, na nyama ya kuchemsha kando. Mukimo ndio chakula ambacho mama mkwe anaweza kukupimia akili. Nilimenya viazi toka asubuhi. Vyombo vya Ijumaa vilikuwa bado kwenye sinki, vya Jumamosi juu yake, na vingine sakafuni vimejipanga kama watu wanaongoja daktari.

Nikamwita mtoto. "Sikiza. Shosho akifika, wewe unafunga huu mlango wa jikoni haraka, asione vyombo. Sawa?"

"Sawa."

Nilimaanisha wakati huo mimi nitakuwa sebuleni nimevaa gauni safi. Hilo sikulisema. Tena ule mlango hatukuwa tunaufunga hata siku moja. Kitasa chake kiliharibika, tulikuwa tunauwekea tofali ukae wazi.

Mama mkwe akafika mapema. Nikasikia hodi, nikasikia miguu midogo ikikimbia, nikaona tofali likivutwa kwa mikono miwili. Nikasema, "Ngoja!" Mlango ukaja na uzito wote wa mtoto. *Kwaa.* Kishikio cha nje kikamtoka mkononi, kikaanguka.

"Mama, nimefunga!" akasema kwa furaha.

Nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa.

"Mimi mdogo! Mama yako ako wapi?"

"Tumemficha."

"Mmemficha wapi?"

"Jikoni. Ako na vyombo. Hatutaki uvione."

Nilijaribu kuchokoa kitasa na kijiko. Kijiko kikapinda. Nikajaribu na kisu cha mboga, ncha ikavunjika ikabaki humo ndani. Upande wa pili mama mkwe alirudisha kishikio mahali pake, kikawa kinazunguka bure. Aliposukuma kwa bega nikamwomba aache, atajiumiza. Akazunguka kupitia koridoo, na baada ya muda kidogo uso wake ukajaa dirishani, na kitambaa chake cha kanisani, nyuma ya vyuma vya grili.

Akaangalia sinki. Akaangalia sakafu. Hakuruka hata sahani moja.

"Kwa hivyo vyombo ndio hivi."

"Ndio hivyo, Mama. Habari ya kanisa?"

"Nilitoka kabla ya mahubiri. Nilikuwa na haraka ya kula."

Simu yangu ilikuwa sebuleni kwenye chaja, kwa hivyo ni yeye aliyempigia mume wangu. Kicheko cha mume nilikisikia kutoka pale nilipokuwa. Akatuambia keateka, mwangalizi wa ploti, ako kanisani na fundi anayejua milango ile ako kanisani pia, wote wanatoka mchana. Tungoje.

Viazi vilikuwa vinachemka. Ningefanya nini? Nikaendelea kupika.

"Punguza moto," akasema.

"Nimepunguza."

"Mwaga maji. Si yote! Wee, si yote!"

Aliingiza mkono kwenye grili mpaka kiwiko, vidole vikatafuta mwiko hewani. Huyu ni mama ambaye hajawahi kukaa kwa nyumba ya mtu chakula kikipikwa bila kunyang'anya mwiko, na sasa haufikii. Nilimwonea huruma. Nikaweka sufuria sakafuni katikati ya miguu, mgongo nikauegemeza kwenye mlango, nikaanza kuponda. Jasho likanitiririka. Mvuke ulijaa kote, na kila nikiinua mwiko kiwiko kinagonga ukuta. Mtoto juu ya kreti akaniambia, "Mama, sema watazamaji," lakini nikazidi kuponda.

Kisha dirisha likabaki tupu. Nikasikia kabati la chumbani likifunguliwa.

"Sweta zako zinakaa wapi?"

"Hapa. Na hizi ni soksi. Tunaenda wapi, shosho?"

"Thika. Kuona kuku."

Mtoto akarudi dirishani mbio. Alikuwa amevaa koti lake jekundu, kofia, na gambuti zake za mvua, na jua lilikuwa limewaka. "Mama! Naenda kuona kuku!"

Niliacha kuponda. Najua mama mkwe hangeniacha nimefungiwa, si mtu wa hivyo. Lakini nilisikia zipu ya begi ikienda, nikamwona mtoto amesimama pale amevaa tayari, nami siwezi hata kutoka nimvue kofia. Nitasema ukweli, mawazo mawili yalinijia. La kwanza ni kwamba kule atakula vizuri, na mimi nitatoka kiwandani nikalala tu, bila kuuliza sufuria iko wapi. Lilikuwa wazo tamu. La pili ni ile kreti nje ya dirisha, haina mtu.

"Mama," nikaita. Nilikuwa nauambia mlango, yeye akiwa upande ule mwingine. Sikuwa na trei. Sikuwa na chupa ya chai. Hakuwa ananiona na mimi sikuwa namwona. "Mama, haendi."

"Umesemaje?"

"Haendi Thika. Nimesema haendi."

Zipu ikanyamaza.

"Anakula vibaya, ni kweli. Vyombo umeviona, siwezi kukudanganya. Jina ni lako, Mama, hilo nalikubali. Lakini ni mimi ananingoja jioni. Nikitoka kazi nimkose, nitakuwa narudi wapi?"

Sauti yangu ilitetemeka pale mwisho, na nikashukuru ule mlango. Nikasikia kiti kikilia, amekaa. Nyama ikaanza kushika chini nikainyanyua motoni. Nilifikiri ataondoka bila kuniaga, ampigie mwanawe, na jioni niulizwe ni mdomo gani huo nimepata.

Akaja dirishani. Hakunitazama, alitazama sufuria.

"Mukimo unapoa," akasema.

Sahani haikupita kwenye grili. Tuliijaribu ikiwa imelala, tukaijaribu ikiwa wima. Mwishowe nikachota mukimo kwa mkono, nikaufinya donge, nikampitishia katikati ya vyuma. Akaupokea, akatafuna taratibu kama anayehukumu mashindano.

"Minji haijaiva."

"Imeiva, Mama."

"Haijaiva. Lakini chumvi iko sawa. Leta ingine."

Nikampa. Mtoto naye akafungua mdomo wazi, bado amevaa kofia, nikamlisha kupitia grili, donge kwa donge, na nyama nikiipasua kwa vidole. Jirani mmoja akapita akauliza, "Leo mko jela?" Mama mkwe akamjibu, "Ni yeye ako jela. Sisi tumekuja kumwona mfungwa." Nikacheka mimi wa kwanza.

Alikula mpaka nikaona chini ya sufuria. Kisha akasema, kana kwamba anazungumza na vyuma, "Kule kwangu nikipika, nusu inaenda kwa kuku."

Nikampitishia donge lililobaki.

Fundi alipokuja alifungua bawaba, akautoa mlango wote, akauegemeza ukutani. Nikatoka, mama mkwe akaingia, maana sote wawili hatungetosha. Alikunja mikono ya blauzi yake ya kanisani akaosha vyombo vyote, vya Ijumaa na vya Jumamosi. Mimi nilisimama pale nje na kitambaa, nafuta anavyonipa.

Alipomaliza alimvua mtoto lile koti, akalitundika, na sweta akazirudisha kabatini. Nilimsindikiza mpaka getini.

"Siku ukichoka, useme," akaniambia.

"Nitasema."

"Hutasema. Nakujua." Akashika begi lake akaenda, na mimi nikabaki pale nikiona kitambaa chake kikipotea kati ya watu wa sokoni. Nilikuwa nimemkatalia mtu aliyetaka kunisaidia. Kesho hakutakuwa na wa kumlaumu, wala mume, wala mama mkwe. Nilitaka mwenyewe.

Nilipopanda ngazi nilimkuta mtoto amekaa sakafuni amevaa gambuti, analia.

"Ulisema hapana," akasema. "Mimi nilikuwa nataka kuku."

"Tutaenda siku nyingine."

"Wewe ni mbaya."

Nilimbeba mgongoni, nikamfunga na leso, mzito kama alivyokuwa, gambuti zikinigonga mapaja, nikachukua uteo nikaanza kuchagua maharagwe ya kesho. Aliwalilia kuku mpaka kilio kikawa kwikwi, na kwikwi zikawa pumzi tu, moto, nyuma ya shingo yangu. Mgongo uliniuma. Sikumshusha.