Kikosi cha Kamanda Mwenda Chafika Dallas

Nichekeni, lakini polepole. Mimi ni karani hapa Embu. Kila Jumamosi mimi na marafiki hucheza mchezo wa kujifanya polisi, kwa karatasi na dadu. Juzi nikaunda kikosi cha pamoja: polisi, askari wa misitu na watu wa ushuru, wote wa kubuni. Nikachapa amri: “Operesheni Dallas, Jumamosi saa nne. Kamanda Mwenda.” Hata muhuri nikauchora. Kisha, bure kabisa mimi, nikasahau nakala moja kwenye mashine ya kunakili kule saiba.

Jumamosi nikafika kwa rafiki yangu, mtaa wa Dallas hapa hapa Embu. Getini viti vimepangwa, chai iko tayari, majirani wamejaa. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kamati ya usalama ya mtaa, ameshika karatasi yangu, aliyoletewa kutoka saiba.

“Tunangojea Kamanda Mwenda,” akaniambia. “Kuku zetu zinaibiwa kila wiki na hakuna mtu hukuja.”

Nilikuwa nageuka nitoroke, rafiki yangu akapaza sauti dirishani: “Kamanda Mwenda! Umebeba dadu?”

Wote wakanikodolea macho. Nikakiri kila kitu.

Mwenyekiti akanimiminia chai. “Kijana, kupanga watu unajua. Kaa hapo, tuanze na kuku.”