Mota ya Feni Kutoka Mosocho

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa dereva wa lori la duka moja la Wahindi pale mjini Kisii. Nilikuwa nabeba ndizi kutoka Nyamira na Keroka hadi Nakuru. Lori lenyewe lilikuwa limezeeka, lakini injini yake ilikuwa na nguvu, nami nililizoea kama mtu anavyozoea kitanda chake. Shida ilikuwa hita. Ukipita Sotik mvua ikinyesha, kioo cha mbele kinazibwa na ukungu kwa ndani, na feni iliyopaswa kupuliza hewa ya moto kwenye kioo ilikuwa ikipumua kama mgonjwa. Nilikuwa nafuta kwa leso, mkono mmoja kwenye usukani.

Asubuhi moja leso haikutosha. Nilipofuta, nikaona mwanamke mbele yangu, karibu kabisa, amebeba mtungi wa maziwa. Nilikanyaga breki, lori likaserereka, naye akarukia mtaroni. Nilishuka mbio. Alikuwa mzima. Maziwa yalikuwa yamemwagika kwenye majani, naye aliokota mtungi mtupu, akashika njia yake. Ningefurahi kama angenitukana.

Niliporudi Kisii nilimwambia mwenye lori kwamba sitapanda tena Kericho mpaka hita itengenezwe. Hakubisha, nadhani aliona uso wangu. Akanituma kwa fundi wa umeme wa magari aliyekuwa na karakana nyuma ya soko.

Fundi alianza na mambo mepesi. Alifungua mahali hewa inapoingilia, akatoa majani makavu ya mgomba na kiota cha panya. Tukawasha. Upepo ukaongezeka kidogo tu. Akashika taa yake ndogo ya kupimia, akaigusisha kwenye waya unaoingia kwenye mota, ikawaka vizuri.

"Moto unafika," akasema. "Swichi haina kosa, fyuzi haina kosa."

Akakwangua kutu pale waya mwingine ulipofungwa kwenye bodi ya lori. Hakuna tofauti. Mwishowe akaitoa mota, akaiunganisha moja kwa moja na betri. Ilizunguka polepole, ikilia, na baada ya muda mfupi ikawa moto hata haishikiki. Alipoifungua, kaboni zinazopitisha umeme ndani zilikuwa zimelika karibu zote, na mhimili ulicheza ndani ya tundu lake kama jino bovu.

"Hii imekufa, dereva. Unahitaji nyingine, na mpya hupati, si hapa wala Kisumu." Akafuta mikono polepole. "Lori la namna hii nalijua moja tu. Liko Mosocho."

Nililijua pia. Lilikuwa la rafiki yangu, aliyenifundisha kuendesha gari zito. Mwaka uliotangulia, siku ya mvua, alitoka barabarani kwenye kona moja kabla ya Keroka, akafa palepale. Mabaki ya lori yalivutwa mpaka kwake. Watu walisema alikuwa amelewa. Zamani alikunywa, ni kweli, lakini aliacha alipobatizwa, na mkewe alimwambia kila mtu kwamba kioo kilizibwa na ukungu. Wazee wa kanisa lake la Sabato walimzika kwa sala fupi sana, na tangu hapo hawakukanyaga pale nyumbani.

Nilikwenda na lori langu kesho yake asubuhi. Mjane alitoka jikoni akinyoosha leso kichwani.

"Bwakire buya, shemeji," nikamwamkia. Kisha, kwa Kigusii chetu, nikamweleza nilichokuja kutafuta. Akaniambia nichukue tu.

Lori lilikuwa nyuma ya ghala la mahindi, upande mmoja umebondeka, kuku wanataga kwenye kiti. Nilijilaza sakafuni, nikafungua bolti, nikaitoa mota pamoja na feni yake. Nikaenda nayo kwenye lori langu, nikagusisha waya kwenye betri ili nijue kama inafaa.

Ilizunguka kwa nguvu. Vumbi na manyoya ya kuku vilinirukia usoni. Nilipofumbua macho, mjane alikuwa amesimama kando yangu na kikombe cha uji.

"Hii ndiyo iliyokuwa inampulizia kioo?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na ni nzima."

"Ni nzima."

Akakiweka kikombe chini. Nilielewa alichokuwa anafikiri: kama feni ilipuliza, kioo hakikuzibwa, na waliosema pombe walisema kweli. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba mota nzima haithibitishi kitu. Huenda fyuzi ilikuwa imeungua, huenda hakuiwasha. Ningeweza kurudi kuufuata waya wa mota mpaka kwenye swichi. Sikufanya hivyo. Niliogopa nitakachokiona.

"Waya ulikuwa umekatika," nikasema. "Tangu kabla ya ajali. Umeshika kutu ya siku nyingi."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nyaya nyingi za lori lile zilikuwa zimekatika kwenye ajali yenyewe. Nilishika moja yenye kutu na kumpa. Aliisugua kwa kidole gumba, muda mrefu, kisha akalia.

Sabato iliyofuata alisimama kanisani akasema dereva mwenzake na marehemu ameuona waya uliokatika. Mimi ni Mkatoliki, sikuwepo, nilisikia tu. Siku chache baadaye mzee mmoja wa kanisa hilo alinisimamisha sokoni.

"Umeuona kwa macho yako?"

"Nimeuona."

Hakuniuliza zaidi. Wazee walikwenda nyumbani kwa mjane, wakaomba kaburini, wakanywa chai.

Mota ile ilifanya kazi vizuri sana. Nikipanda Kericho kwenye mvua, niliwasha swichi na ukungu ukatoweka kwenye kioo, barabara yote ikaonekana. Lakini kila ilipovuma nilimfikiria rafiki yangu. Kama ilimvumia hivi naye, basi aliiona kona.

Nilirudi Mosocho mara moja, nikimpelekea mjane mkungu wa ndizi. Alikuwa ameenda shambani. Nilisimama kando ya lile lori peke yangu, kwenye jua, swichi ya feni iko pale chini ya dashibodi, imewashwa au imezimwa, hatua mbili tu. Niliweka mkungu mlangoni nikaondoka.

Miezi kadhaa baadaye wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuja na misumeno wakalikata lile lori. Mjane alinitafuta stendi ya Kisii kabla hawajalibeba.

"Kuna kitu kingine unachotaka uwekewe, shemeji?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana.