Mugongo Ndani ya Mvuke

Municheke tu, mi mwenyewe nimechoka kujificha. Mubelgiji, mukubwa wetu wa bureau, kila kongé, siku zake za kupumzika kazi, anaacha batoto kwa boyi, anapeleka madamu yake kupumzika kando ya ziwa. Na mi nikatamani. Juma iliyopita nikamudanganya mama mukwe kama tuko na kilio kule Nundu, nikamuachia batoto, nikavusha bibi yangu na mutumbwi mpaka Ubwari, kwenye maji ya moto inayotoka mu majiwe.

Mvuke ilikuwa mingi kama moshi ya kukausha samaki. Bibi yangu akaenda nyuma ya jiwe kuvua nguo. Kisha nikaona mugongo ndani ya maji. Nikaingia vile nilivyozaliwa, nikausugua polepole, nikasema: "Muzuri wangu, mama yako iko anafikiri tunalia."

Kwetu, mwanaume hamupi mama mukwe hata mukono. Tukikutana njiani, mi naingia mu majani.

Mugongo ukajibu: "Magoti ilikuwa inaniuma, mukwe, nikakuja na batoto. Sasa ule maiti wa Nundu, mulishamuzika?"