Kidole cha Mwisho wa Mstari

Mimi nilijifunza kupiga chapa kwa mashine ya chuma, ile yenye kengele. Ukikaribia mwisho wa mstari inalia, unasukuma mkono wake, karatasi inapanda, unaendelea. Mwalimu wetu alifunika vitufe kwa kitambaa, na ole wako uchungulie, rula inakungoja. Nikatoka pale naandika kama kipofu, macho yangu huru. Nilijivuna, sikufichi. Katika mji wetu wote wa Rumonge, kando ya ziwa, hakukuwa na dactylo, mpiga chapa, wa kunifikia, na aliyebisha nilimwambia alete karatasi yake tuone.

Miaka ya vita nilipata kazi kwenye ofisi ndogo nyuma ya soko, ofisi ya kutafuta watu waliopotezana. Watu walikuwa wamevuka ziwa kwenda Tanzania, wengine wamebaki, na mara nyingi mama alikuwa ng'ambo hii na mtoto ng'ambo ile. Waliobaki walikuja kwangu nikawaandika kwenye orodha. Orodha ilikwenda Kigoma kwa boti, ikasomwa kwenye kambi ya wakimbizi kwa kipaza sauti, watu wamekaa chini wanasikiliza. Jina peke yake halikutosha. Kwetu Burundi kila mtoto ana jina lake, ndugu watano majina matano, hakuna la ukoo la kuwaunganisha. Kwa hiyo tuliandika pia alama: kovu, wimbo wa kubembelezea, kitu ambacho mtoto alishika mkononi siku ya kupotezana.

Wakatuletea kompyuta. Kompyuta haina kengele, mstari ukijaa inashuka yenyewe. Lakini kidole changu hakikuamini. Kila mwisho wa mstari kiligonga kile kitufe kikubwa cha kulia, Entrée, pa! Fundi aliyetoka Bujumbura, mwanamume mnene mwenye utani mwingi, alinicheka.

"Dada, hicho kidole chako bado kinasukuma chuma."

"Na tumbo lako bado linasukuma meza," nikamjibu. Tuliheshimiana hivyo.

Siku ninayoisema alikuja na programu mpya ya kupanga zile orodha. Alitia sidii, kile kisahani cha kung'aa, akabonyeza hapa na pale, mashine ikaanza kunguruma. Baada ya muda skrini ikawa nyeusi ghafla. Nikapiga kelele, "Yalaa! Umeiua!" Akacheka mpaka akapangusa macho. Akanieleza kwamba programu ikiingia, mashine inajizima na kujiwasha yenyewe, ni kawaida yake. Ikafanya hivyo mara ya pili. Kisha jenereta ikaanza kukohoa, naye akatoka kutafuta mafuta.

"Imebaki kidogo. Usiiguse, dada. Mpaka nirudi, usiiguse."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nje watu walikuwa wamejaa tangu asubuhi, boti ilikuwa inaondoka saa sita, na mimi nikae nimekunja mikono nangoja mtu wa mafuta? Nikafungua ukurasa wangu nikaanza. Wengi nilikuwa nimeshawaandika kwenye daftari, nikawapiga haraka haraka. Wa mwisho alikuwa mama mmoja, wa Magara kama wengi wa siku hiyo, mwanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Magari ya kurudi kwao yalikuwa yanapiga honi barabarani, yakienda pamoja na askari, na asingeyawahi ingebidi alale njiani. Nikamwambia, "Mama, daftari tuliache. Wewe sema, mimi naandika moja kwa moja."

Akasema. Mtoto wake wa kike, pekee aliyebaki naye. Siku waliyokimbia, boti ilijaa, watu wakasema watoto kwanza. Akamwinua akampitisha juu ya vichwa vya watu, na mtoto katika kumng'ang'ania akamchomoa mkononi ndala moja, maana alizivua kuingia majini. Boti ikaenda na mtoto na ndala. Hiyo ndiyo ilikuwa alama. Akanitajia mguu gani, rangi gani, na kwamba kamba ilikuwa imekatika akaishona kwa uzi wa wavu. Akanitajia na jina la nyumbani, lile la kuitana wao wawili tu.

Nilikuwa namtazama usoni. Mtu anakusimulia jambo kama hilo utatazama wapi? Vidole vilikwenda vyenyewe, kidole cha mwisho kikigonga kila mwisho wa mstari. Alipomaliza nikamwambia, "Iko tayari, mama. Imeandikwa." Akanishika mikono yote miwili akanishukuru. "Murakoze, mwanangu. Murakoze cane." Akatoka mbio, akipepesuka kidogo, miguuni ndala za rangi mbili tofauti.

Nikageuka kwenye skrini. Nyeusi. Kisha yale maandishi meupe ya kuwaka upya, taratibu, kama haikutokea kitu. Ukurasa haukuwepo. Sikuwa nimehifadhi hata mstari mmoja, maana kwa mashine yangu ya chuma, ukishapiga herufi imeshaandikwa, nani ataifuta?

Nilikimbia barabarani. Magari yalikuwa yameshaondoka, vumbi tu.

Nikarudi nikaandika upya kutoka kwenye daftari, machozi yananitoka. Wote niliwapata isipokuwa yeye. Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Jina la mtoto niliona ninalo, kisha nikaona ninayo matatu. Ndala ya kulia au ya kushoto? Boti ilipiga honi. Nikajiambia, atakwenda kwenye orodha ijayo, siku chache tu. Nikatuma.

Fundi aliporudi nikamrukia kwamba programu yake imenimezea watu. Hakucheka safari hiyo. Akairudia kazi yote mpaka pale pale. Kikatokea kidirisha kidogo katikati ya skrini, kile alichokijibu yeye mara zile mbili, kinauliza kwa Kifaransa: mashine ijizime na kujiwasha sasa? Oui, Non, yaani ndiyo au hapana. Na Oui ndiyo iliyokuwa tayari, inangoja Entrée.

"Ilikuuliza, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe ukaijibu ndiyo."

Mapigano yakafunga ziwa. Siku chache zikawa miezi. Yule mama akawa anakuja kila alipopata gari, na kila mara ananiletea ndagala kwenye jani la mgomba, akiuliza kama kuna jibu. Mimi nikasema, "Bado, mama." Nilizila zile ndagala. Mungu anisamehe, nilizila.

Ziwa lilipofunguliwa jibu la orodha ile likaja, likiwa limechelewa njiani. Msomaji wa kambi aliandika kwamba palikuwa na mtoto wa kike mwenye ndala moja ya mtu mzima, hakosi siku ya kusomwa majina. Orodha ile ilisomwa, akasikia majirani zake wote wa Magara wanatajwa, mmoja mmoja, wanatafuta watu wao. Jina la mama yake halikutajwa. Akasema, basi mama amekufa. Familia moja iliyokuwa inahamia bara ikamchukua, naye akakubali kwenda. Walikoelekea hakuna anayejua. Mpaka leo hakuna anayejua.

Mama alipokuja na jani lake nilimweleza yote, kidirisha, kidole, uongo wangu. Nilidhani atanipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa kwenye kiti, akavitazama vidole vyangu muda mrefu, kisha akaniuliza kama ile mashine inawaka.

"Inawaka, mama."

"Basi washa. Nitasema tena toka mwanzo." Akaweka jani la ndagala mezani, akavuta kiti karibu. Nami, kwa mazoea, nikaweka vidole tayari na kumwinulia uso.

"Hapana," akasema. "Safari hii usinitazame mimi, mwanangu. Tazama mashine."