Lifti Iliyokubali Kwenda Ghorofa Isiyokuwepo

Umewahi kumwona mtu analia kwa sababu hajagombezwa?

Mimi nimemwona. Ni mjukuu wangu, binti wa kitinda mimba wangu. Tunamwita Injinia.

Alikuwa anaandika programu ya kuendesha lifti ya jengo la ghorofa tisa. Bosi wake alishasema: saa sita mchana iwe tayari, la sivyo kazi anapewa mwingine.

Asubuhi ya siku yenyewe nikamkuta mezani analia huku anang'ata kucha, chai imeshika utando. Akanieleza kuwa kompaila, ile programu inayokagua maandishi yake na kuyatafsiri kwa kompyuta, ameiwekea swichi za maonyo. Ikiona uzembe, ipige kelele na igome.

Wiki nzima haijasema neno.

Nikamuuliza kama hiyo si habari njema.

"Bibi, mistari elfu nne! Mimi sijawahi kuwa mzuri hivyo."

Nimelea watoto saba. Nyumba ikiwa kimya, najua kuna mtu kashika mkasi. Nikamwambia aandike upuuzi makusudi, tuone.

Akaandika. Kimya.

Akaongeza upuuzi wa pili, ambao hata mimi ulinitia aibu. Kompaila ikaupita kama mgeni aliyeona nguo za ndani kwenye kamba.

Nikavaa miwani. Nikamwomba anisomee orodha ya maagizo anayoipa kompaila, polepole, kidole kwenye kioo. Jenga folda ya milango. Jenga ya vitufe. Jenga ya mota. Chini kabisa, zile swichi za maonyo: sasa kuwa mkali.

"Mjukuu wangu, hii inasoma kutoka juu kwenda chini?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unaiambia iwe macho ikishamaliza kazi?"

Akanitazama. Akautazama mstari. Akauhamishia juu.

Weee! Maonyo mia tatu na kumi na mawili. Yaliporomoka mpaka nikarudisha kiti nyuma. Moja lilisema lifti inakubali kuitwa ghorofa ya tatu chini ya ardhi, na jengo lenyewe halina hata shimo la taka. Huko abiria angemkuta nani?

Ndugu wasomaji, mkaguzi akinyamaza msimshangilie. Kwanza mwangalieni kama ameamka.

Saa sita kasoro dakika nne, simu ikaita. Bosi. Injinia akaiweka kwenye spika.

"Haiko tayari, bosi. Naomba siku tano."

Yule bwana akashusha pumzi.

"Chukua kumi. Siku ya uzinduzi mimi ndiye wa kwanza kuipanda, na tangu mwanzo nilikuwa nataka mtu aniambie haiko tayari."