Maneno Nyuma ya Picha ya Mkwe

Naandika haya nikiwa sijui nitarudi vipi ukweni Mbuji.

Mimi ni mtu wa ziwani, Lundo, nimeoa mlimani, na baba mkwe wangu ndiye mwenyekiti wa chama cha wakulima wa kahawa. Chama kilinipa kazi ya kukitengenezea tovuti. HTML, lugha ya kuundia kurasa za mtandao, nimejifunzia kwenye simu, kwa hiyo kila tagi, yaani kila alama yake, nilikuwa naichungulia kwanza mtandaoni. Nilipofika kwenye picha, nikasoma kwamba kila moja huwekewa maelezo kwa alt, nayo hayaonekani kwa msomaji. Mjuaji mimi, nikaufunga ukurasa bila kumalizia sentensi.

Picha zote nikaziandikia maelezo. Ya mkwe ikanishinda, maana nimelelewa kutomtaja mkwe kwa jina. Nikaandika lile jina la baba yake ninalomtania nalo mke wangu kila tukiwapelekea wazee mbasa, samaki wa ziwani kwetu: "Mzee Kitambi, hashibi mbasa."

Jana tukaizindua tovuti ukumbini, tukiionyesha ukutani kwa projekta, wanachama wote wapo. Mtandao ukasuasua. Picha ya mwenyekiti ikagoma kufunguka, na mahali pake, ukutani, yakatokea maneno yangu. Nusu ya sentensi niliyoiruka ilisema hivyohivyo: picha isipofunguka, maelezo huonekana.

Ukumbi mzima ukainama. Mkwe akapapasa mifukoni, miwani hana.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "simama utusomee kwa sauti. Hapo kwenye picha yangu umeniandika nini?"